Sura ya Saba: Ala Isiyo na Mkasi

"Salma, hivi baba yako alikufa au alikimbia?"

Swali hilo aliliuliza Bi Siti, jirani wa ukuta kwa ukuta pale Kagondo, Bukoba, mwaka ambao Salma alikuwa na umri wa miaka tisa. Aliliuliza huku akichambua mchele wa hitima, wala hakuinua macho, kama mtu anayeuliza chumvi imewekwa wapi. Mama yake Salma alikuwepo. Alibeba ungo wake akahamia upande wa pili wa ua, na tangu siku hiyo yeye na Bi Siti wakawa watu wa kusalimiana kwa mbali.

Bi Siti alishazikwa. Mama yake Salma naye alishazikwa. Swali lenyewe halikupata wa kulizika. Salma akawa Bi Salma, bibi wa miaka themanini mwenye wajukuu na kitukuu mmoja, na mwezi uliopita alilibeba swali hilo mpaka kwa Celina, akaliweka mezani.

Celina alikuwa koplo mstaafu, mjane, mtu wa misa ya asubuhi. Miaka ishirini na sita alitunza chumba cha vielelezo cha polisi: visu, baiskeli, viatu vya wezi, kila kimoja na kikaratasi chake. Huko alijifunza kwamba watu husahau na watu hudanganya, lakini kitu kikiwekwa rafuni hukaa na ukweli wake mpaka aje mwenye kuuliza. Tangu astaafu, watu wa Bukoba waliopotelewa na ndugu walikuwa wakimfuata nyumbani. Hakuwafukuza.

"Mimi sitaki urithi, Ma Celina," Bi Salma alimwambia siku ile ya kwanza. "Nataka kujua dua yangu niielekeze wapi. Kama alikufa, nimwombee. Kama alitukimbia, nimsamehe. Miaka yote hii nimeomba nusu nusu."

Alitoa vitu viwili. Cha kwanza ni cheti cha ndoa cha mwaka 1943, karatasi iliyokunjwa mpaka mikunjo ikawa matundu: *Muksini bin Kahangwa, jina la nyumbani Buberwa, fundi cherehani, wa Kyarutale, Ihangiro.* Cha pili ni ala ya ngozi nyeusi, ya mkasi mkubwa wa fundi. Ndani yake hamkuwa na kitu.

"Mkasi uko wapi?"

"Alikwenda nao. Mimi nilipotimiza siku arobaini alisema anapeleka habari kwao Muleba kwamba amepata mtoto. Akachukua mkasi, akaondoka, hakuonekana tena. Watu wakasema: fundi akiondoka na mkasi wake, huyo harudi."

"Na ala mbona ilibaki?"

"Mkanda ulikatika. Mama alikuwa anaushona, akamwomba asubiri kidogo. Akasema haina haja, Ijumaa nitakuwa nimerudi."

Celina aliandika kwenye daftari lake: *Ijumaa nitakuwa nimerudi.* Akapiga mstari chini yake. Kisha akauliza swali lake la mwisho siku hiyo: "Na wewe jina lako la Kihaya nani?"

"Kokugonza. Ndilo jina la mama wa baba yangu. Baba ndiye aliyenipa."

*

Jumatatu Celina alikuwa Muleba, Ihangiro ya zamani, katika ofisi ya parokia moja ya zamani, mbele ya kitabu cha ubatizo kilichozidi ukubwa wa sinia. Katibu wa parokia, Immakulata, alikuwa mama mnene mcheshi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Kahangwa hayumo," alisema Immakulata baada ya saa nzima. "Nimetafuta kuanzia vita ya Mjerumani. Hakuna Kahangwa wa Kyarutale aliyebatizwa wala aliyebatiza mtoto."

"Basi tuache baba, tutafute mama. Kokugonza."

"Waitu, mwenzangu, unataka nisome akina mama wote wa Ihangiro?"

"Wa Kyarutale tu. Soma, mimi nakuombea macho."

Immakulata alicheka, akalamba kidole, akaendelea. Kabla kengele ya saa sita haijagongwa kidole chake kilisimama. Mwaka 1919. Mtoto: Yustini Buberwa. Mama: Kokugonza. Kijiji: Kyarutale. Baba: Karugendo.

"Buberwa ndiye huyo," Immakulata alisema, "lakini baba siye. Na tazama hapa pembeni. Msalaba wa penseli. Maskini, alikufa mtoto mdogo."

Celina hakubisha. Alinakili mstari wote, pamoja na msalaba wenyewe, akakodi pikipiki mpaka kwenye nyumba ya Karugendo, ng'ambo ya bonde. Mjukuu wa Karugendo alimpokea vizuri, akampa kiti, akamwambia maneno yale yale: babu alikuwa na mtoto aitwaye Buberwa, ndiyo, ila alikufa mdogo. Kaburi lake? Hapo mjukuu alikuna kichwa. Kaburi hawakuwahi kuonyeshwa.

Mtu mwingine angepanda gari kurudi Bukoba. Ushahidi ulikuwa umekamilika: kitabu kinasema amekufa, familia inasema amekufa. Celina alirudi parokiani, akamkuta Immakulata anafunga mlango.

"Nipe kitabu cha marehemu."

"Ma Celina, si tumeona msalaba?"

"Tumeona msalaba kwenye kitabu cha waliozaliwa. Padri wa zamani hakuwa mtu wa kuzika mtoto aliyembatiza bila kumwandika. Nataka kuona siku aliyomzika."

Walipitia miaka kumi yote. Walikuta watoto wa surua, watoto wa ndui, hata mtoto aliyeangukiwa na mgomba. Yustini Buberwa hakuwemo. Celina akarudi kwenye kitabu cha kwanza, akakibeba mpaka dirishani, akauinamisha ule ukurasa mpaka mwanga ukapita juu yake kwa ubavu. Chini ya msalaba palikuwa na maneno ya penseli, yamefifia mpaka yamebaki mikwaruzo tu. Aliyasoma neno kwa neno.

"*Yuko… kwa… Kahangwa.*"

Immakulata alivua miwani. Kisha akapiga paja lake kwa kiganja.

"Ebisisi! Mungu wangu, mtoto wa ebisisi!"

"Eleza taratibu. Mimi nimekulia kambi ya polisi."

"Mila ya zamani hiyo, hata mimi nilisimuliwa na bibi. Mwanamke akishajifungua, mwanaume wa kwanza kulala naye baada ya uzazi ule ndiye mwenye mtoto atakayefuata. Hata mwanamke akiachika, akaolewa kwingine, akashika mimba huko, mtoto ni wa yule wa kwanza. Huyu Kokugonza lazima aliolewa kwanza na Kahangwa, akazaa, wakaachana, akaenda kwa Karugendo. Buberwa akazaliwa kwa Karugendo, padri akambatiza kwa Karugendo. Baadaye Kahangwa akaenda kwenye baraza la wazee kudai mtoto wake, akapewa."

"Na msalaba?"

"Kahangwa hakuwa wa kanisa letu. Padri alipoteza kondoo, akaweka alama."

"Na Karugendo akawaambia watoto wake ndugu yao amekufa."

"Ungewaambia nini? Kwamba umenyang'anywa mtoto mbele ya baraza zima?"

Celina alifunga kitabu polepole. Padri, Karugendo na Kahangwa walikuwa wamesema kweli, kila mmoja kwa upande wake, na kweli hizo tatu zilimficha mtoto miaka mia na zaidi. Aliandika kwenye daftari: *Baba wawili, mtoto mmoja. Twende kwa Kahangwa.*

*

Alhamisi alikwenda na Bi Salma mwenyewe. Bi Salma alikuwa amevaa buibui jipya, ala ya ngozi ameifunga kwenye leso, leso ameishika kwa mikono miwili. Njiani kote hakusema zaidi ya bismillahi.

Nyumba ya Kahangwa ilikuwa ndani kabisa ya kibanja, migomba mbele, mibuni nyuma. Njia ilipita kando ya makaburi ya familia, na Celina alipunguza mwendo kama mwanamke anayemsubiri mzee. Alihesabu. Makaburi sita ya saruji, misalaba sita, yote yamelala sambamba, miguu ikielekea nyumbani. La saba halikuwa na saruji wala msalaba, ni mawe tu yaliyopangwa, na mlamula, ule mti wa kuwekea alama makaburi, umepandwa kila pembe. Hilo lilikuwa limelala kiubavu, limeyakata mengine. Majani yalikuwa yamelifunika nusu.

Mwenye nyumba, Nathanieli, alikuwa bwana shamba mstaafu, mrefu, mkavu, mwenye miaka sabini na miwili. Aliwakaribisha barazani bila kunyanyuka. Juu ya meza ndogo palikuwa na kikapu cha akamwani, ile kahawa ya kutafuna anayopewa kila mgeni kabla ya maneno. Kifuniko chake hakikuguswa. Celina aliliona hilo.

"Nani amekufa?" Nathanieli aliuliza.

"Hakuna aliyekufa, Ta Nathanieli."

"Basi ni ardhi. Siku hizi mgeni akija na mfuko wa karatasi, kama si msiba ni ardhi."

"Ungetuuliza kwanza tumekula nini," Celina alisema, "ndipo utuuzie kibanja."

Ndani ya korido mtu alicheka. Alikuwa Evelyne, mke wa Nathanieli, ameketi kwenye mkeka na rundo la vitenge vichakavu, anakata viraka. Mkasi wake ulikuwa mkubwa mno kwa kazi ile, wa chuma cheusi, na kila ulipofunga meno yake ulitoa mlio mzito. Celina aliutazama mara moja, akarudisha macho barazani.

"Swali moja tu. Mzee Kahangwa alizaa watoto wangapi?"

"Sita. Wawili wa kike wamezikwa kwa waume zao. Wanne wako hapo nje, na babu na bibi. Hesabu mwenyewe."

"Nimehesabu. Yako saba."

"La saba ni la mgeni."

"Mgeni gani?"

"Mpita njia, wakati wa vita ile ya pili. Alishikwa na homa akafia humu ndani. Babu akasema kusilimwe juu yake. Hatukulima. Kuna kosa?"

"Hakuna. Ila mimi ni Mhaya kama wewe. Mpita njia tunamzika pembeni ya njia. Huyu amezikwa hatua kumi na tano kutoka mlangoni, katikati ya wenye kibanja, na mlamula pembe zote nne. Mgeni gani anazikwa kama mtoto?"

Nathanieli alisogeza kikapu cha kahawa kidogo, akakirudisha palepale.

"Na amelazwa kiubavu," Celina aliendelea. "Wenzake wote wamelala miguu nyumbani. Yeye hapana."

Hapo Bi Salma alifungua mdomo mara ya kwanza. "Kichwa chake kiko upande gani, ndugu yangu?"

"Linakotoka jua."

"Na uso?"

"Uso nitaujuaje, bibi? Yuko ardhini."

"Kichwa kikiwa linakotoka jua, na amelazwa kwa ubavu wa kulia, anatazama kaskazini. Kutoka huku, kaskazini ndiko Kibla." Sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikutetemeka. "Huyo alizikwa na Waislamu. Kuna mtu alikwenda kuwaita."

Mkasi wa Evelyne ulikuwa umenyamaza.

"Kwa hiyo," Celina alisema, "Mzee Kahangwa alimjua. Alijua dini yake, akamtafutia watu wa kumwosha. Mtu anayemjua marehemu kiasi hicho anajua na alikotoka. Ta Nathanieli, alitumwa nani kupeleka habari?"

Nathanieli alijinyoosha. Ilikuwa mara ya kwanza tangu wafike uso wake kufunguka.

"Hilo nalijua, hata wajukuu zangu wanalijua. Alitumwa baba yangu. Alikuwa kijana wa miaka kumi na minane, akatembea kwa miguu mpaka Bukoba kuwaambia watu wa yule mgeni. Kila Krismasi babu alikuwa anamsifu mbele ya watu kwa safari hiyo. Ndiyo sifa ya nyumba hii."

"Alifika?"

"Nimekuambia alitembea mpaka Bukoba."

"Nimesikia alitembea. Nimeuliza alifika. Zamani mjumbe wa msiba hakwenda mikono mitupu. Alibeba kitu cha marehemu ili waliofiwa wamwamini. Baba yako alibeba nini?"

Kuku walipita barazani, hakuna aliyewafukuza.

"Ma Evelyne," Celina aliita, "naomba huo mkasi."

Evelyne alimtazama mumewe. Mumewe aliangalia pembeni. Akauleta, ameushika kwa ncha, akaupokeza kwa mikono miwili kama mtu anayetoa kitu cha kanisani.

"Huu mkasi nao una mambo yake," alisema kwa haraka. "Nilipoolewa hapa, baba mkwe aliniambia: mwanangu, tumia vyote vilivyomo, ila huo usiuguse, si wetu. Ulikuwa darini, umeviringishwa kwenye gunia. Mimi nikaona ni uchoyo wa wazee tu. Alipokufa, hata arobaini haijafika, nikapanda nikauteremsha."

"Evelyne," Nathanieli alisema.

"Si ndivyo alivyosema? Nimeongeza?"

Celina alimgeukia Bi Salma. Bi Salma alifungua leso, fundo moja, fundo la pili, akaitoa ala na kuiweka mezani. Ngozi ilikuwa imekakamaa kwa miaka, nayo ilikuwa imeshika umbo: uvimbe mmoja mkubwa kuliko mwenzake, na kovu la duara mahali pa skrubu. Celina aliuelekeza mkasi. Aliusukuma bila nguvu. Ukaingia mpaka mwisho, pete kubwa kwenye uvimbe mkubwa, skrubu kwenye kovu lake, hata unywele usingepita katikati.

"Huyu ni Salma Kokugonza," Celina alisema. "Binti wa Buberwa, ambaye babu yako alimdai mbele ya wazee akapewa, aliyesilimu akawa fundi Bukoba kwa jina la Muksini. Alikuja hapa kumwambia baba yake kwamba amepata mtoto. Akafa kwa homa, Mzee Kahangwa akamzika kama mwanawe kwa sababu alikuwa mwanawe. Pengine kwa kuwa alizaliwa nyumba nyingine akafa katika dini nyingine, ninyi wajukuu mkaambiwa ni mgeni. Kisha akamtuma baba yako Bukoba na mkasi, ili mama wa huyu aamini." Aligusa ala kwa kidole kimoja. "Mkasi ungefika Kagondo, Ta Nathanieli, ungekuwa umelala humu miaka themanini."

Nathanieli aliutazama mkasi. Midomo yake ilisogea kabla sauti haijatoka.

"Baba hakufika."

"Njia ile ilikuwa na vilabu vya pombe ya rubisi kila…" Evelyne alianza.

"Nyamaza."

"Mwache," Bi Salma alisema. "Pengine ni rubisi. Pengine aliogopa kilio cha mama yangu. Kijana wa miaka kumi na minane, umebeba kifo mkononi, unagonga mlango wa mwanamke mwenye mtoto mchanga? Hata mimi ningerudi njiani." Aliinua mikono yake, viganja juu, akaikalisha mapajani. "Lakini hakuutupa mkasi. Hakuuuza. Alisema si wake mpaka anakufa. Hiyo nayo ni aina ya kufika."

Kisha akauliza, si kwa Celina wala kwa Nathanieli, pengine kwa marehemu mwenyewe:

"Kwa hiyo hakukimbia?"

"Hakukimbia, dada," Nathanieli alisema. "Alikuwa hapa."

Alisimama. Miguu yake mirefu ilichukua muda kunyooka. Alifunua kikapu cha akamwani, akakichukua kwa mikono miwili, akapiga goti moja mbele ya Bi Salma kama anavyopiga goti mdogo kwa mkubwa wake, akakiweka mapajani mwake. Bi Salma alichukua punje moja, akaitia mdomoni, akafumba macho.

Nathanieli akaenda nyuma ya mlango, akachomoa muhoro wa kufyekea, akajaribu makali yake kwa kidole gumba. Akashuka ngazi za baraza, akashika njia ya makaburini, kwenye lile la mawe lililofunikwa na majani.